Mitokondria Zinapovuja: Mhadhara kuhusu Ugonjwa wa Alzheimer

Ndugu wasikilizaji, ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyetulia. Sehemu kubwa huishia kwenye pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli baada ya kila mpigo wa neva. Nishati hiyo, iliyofungashwa kama molekuli ziitwazo ATP, karibu yote hutengenezwa na mitokondria, yaani vijiwanda vidogo vilivyo ndani ya seli, na seli ya neva haina ghala la kuiweka.

Tuingie ndani. Kwenye utando wa ndani wa mitokondria, elektroni zitokazo kwenye chakula hupokezanwa kituo hadi kituo mpaka zikabidhiwe oksijeni. Kituo cha nne, saitokromu oksidezi, mara nyingi hukutwa kimezorota katika ubongo wa waliofariki na Alzheimer. Foleni ikijaa nyuma yake, elektroni huchoropoka na kuivamia oksijeni mapema. Hapo huzaliwa superoksaidi, aina ya oksijeni yenye ukali. Hiyo hutafuna mafuta ya utando pamoja na DNA ya mitokondria iliyo jirani. DNA hiyo ina jeni 37 tu, na 13 kati yake hubeba ramani za protini za mnyororo uleule wa vituo. Ramani ikiharibika, kituo kinachojengwa upya huweza kuvuja kuliko cha zamani.

Sasa tusogee kwenye sinapsi, kiungo ambako neva moja hupeleka ujumbe kwa nyingine, na ambako kwa maoni yangu ndiko balaa hudhihirika kwanza. Iko mbali na kiini cha seli, hivyo mitokondria husafirishwa hadi huko juu ya reli za protini. Protini iitwayo tau ndiyo huzishikilia reli hizo. Ikibebeshwa fosfati kupita kiasi huachia, na mizigo hukwama njiani. Sinapsi iliyokosa mitokondria hulemewa na kalsiamu baada ya kila ujumbe. Amiloidi beta, kipande cha protini kinachorundikana katika ubongo wenye Alzheimer, nayo hupenya mitokondria na kushikana na saiklofilini D, protini inayosaidia tundu la utando kufunguka. Likifunguka, chaji ya umeme ya utando hupotea na mitokondria huvimba.

Kwa kawaida mitokondria chakavu haikai. Chaji ikishuka, protini iitwayo PINK1 hujikusanya juu ya ganda lake na kuita nyingine, Parkin, nayo hubandika alama ya yubikwitini, kisha mzigo hupelekwa kumeng'enywa kwenye lisosomu. Katika Alzheimer lisosomu hudhoofu, na vifuko vya taka hujazana kwenye matawi ya neva hadi yakatutumka. Ndiyo maana sishangai kwamba vidonge vya kuzuia oksidesheni, yaani uharibifu kama ule wa superoksaidi, havijarudisha kumbukumbu: ni kudeki sakafu huku bomba linavuja.

Nani alianza, mitokondria au amiloidi? Mwaka 2004 watafiti Russell Swerdlow na Shaharyar Khan walipendekeza kwamba, kwa wanaougua uzeeni, mitokondria hutangulia na amiloidi hufuata. Lakini familia zenye mabadiliko kwenye jeni ya APP au za presenilini, zinazohusika na utengenezaji wa amiloidi, huanzia kwenye amiloidi, kwa hiyo nadharia hiyo haiwezi kumbeba kila mgonjwa.

Na wasomaji wa picha za PET, zinazoonyesha jinsi ubongo unavyotumia glukosi, wawe waangalifu. Matumizi ya glukosi huweza kushuka miaka kadhaa kabla ya dalili, ila sinapsi zikipungua nazo huhitaji sukari kidogo. Doa hafifu kwenye picha, peke yake, halitoshi kuihukumu mitokondria.