Mjane wa Clare

Ndugu zangu, naomba mnihesabie vifo. Mwaka 1313, mume wa kwanza. Mwaka 1316, wa pili. Mwaka 1322, wa tatu. Elizabeth de Burgh alikuwa na miaka 26 tu. Najua kuna anayenong'ona hapo nyuma kwamba mwanamke huyu ana mkosi. Subiri kwanza, maana ujane ndio uliompa nafasi ambayo ndoa zote tatu zilimnyima.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1295. Mama yake, Joan, alikuwa binti wa mfalme Edward wa Kwanza. Baba yake, Gilbert de Clare, alifariki mtoto hajafikisha hata miezi mitatu. Akiwa na miaka 13 akaozwa kwa John de Burgh, na wakati huohuo kaka yake akamwoa dada wa John. Koo mbili zikafunga fundo.

Kisha kaka huyo akauawa vitani Bannockburn, Scotland, mwaka 1314, bila kuacha mtoto. Mali ya Clare ikawaangukia dada watatu, na Elizabeth, mjane kijana, akawa ghafla anatakiwa na kila mtu. Mapema mwaka 1316 Theobald de Verdun alimchukua kutoka ngome ya Bristol akamwoa bila ruhusa ya mfalme. Miezi michache baadaye akafa, akimwacha na mimba. Mwaka uliofuata mfalme Edward wa Pili, mjomba wake wa tumbo moja na mama yake, akamwoza kwa kipenzi chake wa ikulu, Roger Damory.

Damory aliasi, akafa mwaka 1322, na Elizabeth akafungiwa kwa watawa wa Barking. Hapo ndipo shemeji yake alipoona mwanya. Hugh Despenser, mume wa dada yake Eleanor, alikuwa anaitaka Usk, ardhi nono ya Wales. Krismasi ya mwaka huo Elizabeth aliitwa York, akatenganishwa na washauri wake, akatishwa hadi akatia muhuri: atoe Usk, apewe Gower, ardhi nyingine ya Wales. Baadaye na Gower yenyewe akanyang'anywa! Shemeji wa namna hii sisi wote tunao, ila wetu hawana mfalme mfukoni.

Hakunyamaza. Mwaka 1326 aliandikisha malalamiko yake yote, tukio kwa tukio. Novemba mwaka huohuo Despenser alinyongwa Hereford, na ardhi ikarudi kwa mwenyewe.

Hakuolewa tena, aliweka kiapo cha useja. Chini ya sheria ya wakati ule, ardhi ya mke ilikuwa mikononi mwa mumewe. Mjane alishika yake mwenyewe, pamoja na theluthi ya ardhi ya marehemu. Elizabeth alikuwa na mafungu ya marehemu watatu, juu ya urithi wa kwao. Aliishi mjane miaka 38, tangu mwaka 1322 hadi mwaka 1360. Vitabu vyake vya matumizi bado vipo: mkate, pombe, samaki, divai, vyote vimeandikwa siku kwa siku.

Uchungu haukumwacha. Mwanawe wa kiume wa pekee, William, aliuawa Ireland mwaka 1333, akaacha kabinti kachanga. Kajukuu hako kakaja kuolewa na Lionel, mwana wa mfalme, na katika uzao wake akatoka mfalme Edward wa Nne.

Na kile chuo alichokifadhili Cambridge kuanzia mwaka 1338 kinaitwa Clare hadi leo. Mkipita pale, itazameni ngao yake: alama za Clare na de Burgh zimewekwa bega kwa bega, na ukingo mweusi unaozizunguka umedondoshewa machozi ya dhahabu.