Baridi yabisi sio baridi ya ziwa

HAMISI: Mwakeye wasikilizaji, tuko hapa Mwanga, Kigoma mjini, mi Hamisi niko na dada Zuhura nesi wetu. Dada, leo nianze na mama mdogo wangu wa Ujiji maana jambo lake linaniuma kweli. Mwaka wa tatu huu vidole vinamtesa, na kwa vile ameanika dagaa Kibirizi kule ufukweni mwa ziwa tangu msichana basi kila mtu anamwambia ni maji ya alfajiri yale, baridi imeingia kwenye mifupa, anachuliwa na mawese ya moto, akizidiwa ananunua diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, duka la dawa.

ZUHURA: Pole yake jamani. Asubuhi akiamka vidole vikoje?

HAMISI: Vimekaza, ngumi haikunjiki, hata kanga anafungwa na mjukuu, mpaka saa tatu hivi ndo vinalegea.

ZUHURA: Mkono mmoja au yote?

HAMISI: Yote, na imevimba.

ZUHURA: Kaka hapo ndo jina linapotuponza, tunaita baridi yabisi alafu tunalaumu ziwa. Ni kinga ya mwili imegeuka inashambulia utando wa ndani ya viungo, na wanawake wanapata mara 2 hadi 3 kuliko wanaume. Goti la uzee lililosagika ukilitumia linauma ukipumzika linatulia, hii ukikaa ndo inakaza, kwaiyo kukaza saa nzima asubuhi, mikono yote miwili, usisubiri.

HAMISI: Na wale wanaoshtuka usiku dole gumba la mguu linawaka moto?

ZUHURA: Hiyo mara nyingi ni jongo, asidi ya yuriki imezidi inaganda kama sindano ndani ya kiungo. Dagaa, maini na pombe vinachochea, ila na figo kushindwa kuitoa kunachangia sana. Tutaifanyia siku yake.

HAMISI: Sawa. Ila diklofenaki inamsaidia mama.

ZUHURA: Inapunguza maumivu, haizuii kiungo kuliwa! Na miaka mitatu ya kujinunulia inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo, kupandisha presha. Dawa inayozuia ugonjwa wenyewe, inayoanziwa mara nyingi, ni methotreksati, na hapa naomba mnisikie vizuri, inanywewa MARA MOJA KWA WIKI, sio kila siku, ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Inaendana na vitamini ya asidi ya foliki, damu inapimwa kila baada ya muda, mjamzito haruhusiwi kabisa. Alafu inachelewa, wiki 6 hadi 12, wengi wanaacha hapo katikati wakidhani haifanyi kazi, inaniuma sana hiyo.

HAMISI: Na kipimo cha damu kikisema hana?

ZUHURA: Kuna wanaoumwa na kipimo kinatoka safi, kwaiyo daktari amshike vidole vyenyewe.

HAMISI: Jumatatu nampeleka hospitali ya Maweni.

ZUHURA: Abebe vidonge vyote anavyotumia, hata vya miti shamba. Na mjukuu aende nae, yeye ndo anazijua zile asubuhi.