Kina John Wanne: Jina Moja Kutoka Ziwani hadi Paris

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tunalo jina moja tu, na ni la kawaida kiasi kwamba katika darasa lolote la bara ukiliita watanyanyuka wanafunzi watatu. Jina hilo ni John. Tutawachukua watu wanne waliolibeba: mmoja wa historia, wawili wa riadha na mmoja wa sanaa, wote wakiwa wa Afrika Mashariki au walioishi humu, na wote wakiwa wamevuma katika kipindi kisichozidi miaka 30.

ANSELM: Asante, dada Zuhura. Mimi ningependa tujiulize jina hilo lilifanya kazi gani mahali ambapo kila mmoja wao alisimama. Huku bara John ni jina la ubatizo lisilomshtua mtu. Visiwani mwaka 1964 hali ilikuwa nyingine kabisa.

ZUHURA: Basi tuanzie huko huko kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, ikiwa ni mwezi mmoja na siku chache tu tangu Zanzibar ipate uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963, makundi ya vijana wenye mapanga, mikuki na pinde yalivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni, yakateka maghala ya silaha na kuiangusha serikali ya Sultani Jamshid bin Abdullah kabla jua halijawa juu. Kisha redioni ikasikika sauti ya mtu aliyejiita Fildi Mashali John Okello, ikitoa amri na vitisho ambavyo wazee waliovisikia hawajavisahau. Siku zilizofuata watu wengi waliuawa, hasa Waarabu, na jambo hilo haliwezi kurukwa na yeyote anayemzungumza mtu huyu.

ANSELM: Na mtu mwenyewe hakuwa mwenyeji. Alizaliwa Lango, kaskazini mwa Uganda, akabaki yatima angali mtoto, akatangatanga Uganda na Kenya akifanya vibarua, kisha mwaka 1959 akavuka bahari hadi Pemba kutafuta riziki. Fikiria basi: kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu, na anayejitangaza kiongozi wa mapinduzi ni Mkristo aitwaye John, mwenye Kiswahili chenye lafudhi ya bara. Jina lake lilimtambulisha kuwa mgeni kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

ZUHURA: Ndiyo maana baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba ugeni huo, pamoja na ukali wake na jeshi aliloanza kulikusanya pembeni, ulimfanya awe mzigo kwa Mzee Karume na Chama cha Afro-Shirazi. Mwezi Machi 1964 alitoka nje ya visiwa, na alipotaka kurudi akazuiwa. Ilikuwa kabla hata ya Muungano wa tarehe 26 Aprili. Aliandika kitabu kuhusu mapinduzi hayo, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967, lakini katika simulizi rasmi tuliyosomeshwa sisi, iliyojaa Mzee Karume na Kamati ya Watu 14, ile inayotajwa kuwa ndiyo iliyoyapanga mapinduzi, Okello alipita kama kivuli, na kuna vitabu ambavyo hata hicho kivuli hakimo.

ANSELM: Naomba nitofautiane nawe kidogo. Sidhani kwamba alifutwa kwa sababu ya ugeni peke yake. Serikali yoyote mpya ingepata taabu kumpa nafasi mtu aliyejipa cheo cha kijeshi kisichokuwapo na kuwatishia raia redioni. Kumwondoa kulikuwa uamuzi wa kisiasa unaoeleweka. Kumwondoa katika historia ni jambo jingine, na hapo nakubaliana nawe.

ZUHURA: Nimekuelewa, kaka. Mwisho wake nao una giza: alionekana Uganda mwaka 1971, baada ya Idi Amin kutwaa madaraka, kisha hakuonekana tena, na wengi wanaamini aliuawa.

ANSELM: Na hapo ndipo anapoingia John wa pili, kwa sababu naye ni Mlango, yaani mtu wa kabila la Walango, kutoka eneo lile lile. John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika familia ya chifu mwenye wake wengi na watoto zaidi ya 40, akawa askari polisi, na chini ya kocha Mwingereza Malcolm Arnold akageuka kuwa mruka viunzi. Tarehe 2 Septemba 1972, katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi ya Olimpiki ya Munich, alipangiwa mstari wa kwanza, ule wa ndani kabisa.

ZUHURA: Hebu waeleze wasikilizaji kwa nini mstari huo unaogopwa.

ANSELM: Kona yake ndiyo kali kuliko zote. Mkimbiaji ana viunzi 10 vya kuruka, kila kimoja kina urefu unaokaribia sentimita 92, na kutoka kimoja hadi kingine ni mita 35, kwa hiyo hatua zake lazima ziwe zimehesabiwa. Ukiwa mstari wa ndani, mwili unavutwa kuelekea nje kwa nguvu zaidi wakati unapotakiwa kunyanyua mguu, na hesabu ya hatua ikiharibika kwenye kiunzi kimoja inaharibika hadi mwisho. Yeye alimpita David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa bingwa na mwenye rekodi ya sekunde 48.12, akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo kabla yake. Baada ya utepe hakusimama; aliendelea kukimbia na kuruka kwa furaha, na hiyo ikawa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda, ambayo haikupata ya pili hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mwaka 2012.

ZUHURA: Lakini Amin aliwashuku Walango, kwa kuwa Milton Obote, rais aliyepinduliwa naye, alikuwa wa kabila hilo. Hapo John lilikuwa jina salama; lililoweza kumwua mtu ni lile la ukoo.

ANSELM: Ndivyo hasa. Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba, huku watu wa kabila lake wakiuawa. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilicheza raga na Afrika Kusini ya makaburu, na Akii-Bua akarudi nyumbani bila kushindana, wakati Mmarekani Edwin Moses akiivunja rekodi yake kwa sekunde 47.63. Mwaka 1979 alikimbilia Kenya akawa mkimbizi kambini, hadi kampuni ya viatu ya Puma ilipomsaidia kufika Ujerumani. Baadaye alirudi kwao, akafariki mwaka 1997.

ZUHURA: John wa tatu ni wetu Tanzania, John Stephen Akhwari wa Mbulu, na habari zake nitazifupisha kwa kuwa zinajulikana sana. Marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari: alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji akaendelea. Alifika wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa 1 baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 ili aanze mbio, bali ili azimalize.

ANSELM: Linaloniudhi ni kwamba watu humkumbuka kama mtu wa kuhurumiwa. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya 5 katika marathoni. Huyo alikuwa mkimbiaji wa kweli.

ZUHURA: Tumalizie na sanaa. John Fundi alikuwa mchongaji wa Kimakonde, mzaliwa wa Msumbiji, miongoni mwa wengi waliovuka Ruvuma wakaja kufanya kazi Tanganyika. Vinyago vyake ni vya mtindo wa mashetani: mpingo unaochongwa kwa tezo na patasi hadi mguu unageuka kuwa mkono, na jicho linatokea pasipotarajiwa. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya Magiciens de la terre, yaliyowakusanya wasanii takriban 100 kutoka kila bara.

ANSELM: Na msimamizi wa maonyesho hayo aliitwa Jean-Hubert Martin. Jean ndiye John wa Kifaransa!

ZUHURA: Huyo simhesabu. Ninachokihesabu ni kwamba Paris Fundi aliandikwa kwa jina lake kamili, kama wachoraji wa Ulaya waliokuwa naye, ilhali mtalii anayenunua kinyago Mwenge, Dar es Salaam, huondoka akisema tu amenunua Mmakonde.

ANSELM: Basi wiki ijayo tuendelee na John mwingine, John Ngugi wa Kenya, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5 na mshindi wa mita 5,000 mjini Seoul mwaka 1988.