Soma Daftari Kabla ya Kulisahihisha

Mhadhara kwa wanachuo wa ualimu wa shule za msingi wanaojiandaa kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni

Wanachuo, na walimu wenzangu mliokaa hapo mbele, habari za mchana.

Wiki ijayo mnakwenda kufundisha. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia shuleni. Nalifurahia hilo kwa moyo wote, ila vyumba vya madarasa havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mtawakuta tisini, pengine mia na kitu. Humo yupo asiyeona vizuri, yupo asiyesikia, yupo aliyekulia Kimaasai au Kisukuma na Kiswahili anakikuta shuleni, yupo aliyekuja bila kula tangu jana. Na hakuna atakayewapa orodha yao.

Naomba niwasimulie jambo langu, ingawa linaniuma.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na darasa la tatu lenye watoto 87. Binti mmoja alikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Nikimwita hageuki. Nikisema fungueni ukurasa wa kumi na mbili, yeye anafungua baada ya wenzake wote, akichungulia kwa jirani. Nikaona ni jeuri. Nilimchapa, tena zaidi ya mara moja.

Mwisho wa muhula nikawa najaza taarifa za maendeleo, nikalifungua daftari lake la Kiswahili kuanzia mwanzo. Kunakili kutoka ubaoni, kumi kwa kumi, mwandiko umenyooka. Imla, sifuri. Kunakili, tisa. Imla, moja. Kurasa zote hivyo hivyo, na maksi zote nimeziandika mimi, kwa kalamu yangu nyekundu. Kesho yake nilisimama nyuma yake nikamwita jina kwa sauti ya kawaida. Hakutikisika. Nikasogea upande wa kushoto, nikaita tena, akageuka.

Mama yake alikuja shuleni. Sikio la kulia lilikuwa linatoa usaha tangu mtoto ana miaka miwili, na la kushoto linasikia kwa shida. Alishangaa kwamba mwalimu sikuwa najua. Tulimpeleka zahanati, wakampa rufaa. Mimi nikamhamishia dawati la mbele, mkono wa kulia wa darasa, ili sikio lake la kushoto lielekee kwangu. Imla iliyofuata alipata sita.

Ninachowaomba leo kinatoka kwenye daftari lile. Upimaji nilikuwa nimeufanya kwa muhula mzima, ila sikuusoma. Niliandika sifuri kumi na kitu bila kujiuliza hata mara moja kwa nini mtoto huyu huyu anapata kumi ukurasa unaofuata.

Wengi mnadhani wanafunzi wenye mahitaji maalumu ni kazi ya waliosomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu. Tunawahitaji sana wale, lakini hawatoshi kwa kila shule, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikumpa mtoto haki ya kusoma pale tu atakapopatikana mtaalamu. Atakayekutana naye kwanza ni wewe.

Kwa hiyo unapotunga zoezi, jiulize unapima nini hasa. Chukulia mtoto wa Tarime aliyekulia Kikurya, lugha ambayo l na r hazitenganishwi kama kwenye Kiswahili. Anaandika "karamu" akimaanisha kalamu. Kwenye imla ya Kiswahili msahihishe, ndicho unachopima. Kwenye Sayansi, akikueleza vizuri jinsi maji yanavyogeuka mvuke, kisha akaandika "maji ya moto yanaruka juu" badala ya "yanafuka", ukimkata maksi umepima Kiswahili chake ukaiita Sayansi. Vivyo hivyo kwenye Hisabati za mafumbo. Kabla hujaandika kwamba mtoto hajui kutoa, msomee swali wewe, mpe vizibo vya soda, uone. Wapo watakaokushangaza.

Hapa huwa nasikia neno upendeleo. Baraza la Mitihani lenyewe linampa mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu dakika 20 za ziada kwa kila saa kwenye Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Kuna karatasi za nukta nundu, na za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Sababu iko wazi: vidole vinapita juu ya nukta polepole kuliko jicho linavyopita juu ya wino. Sasa kama Baraza linafanya hivyo siku ya mtihani, kwa nini jaribio lako la Ijumaa liwanyime? Mtoto atafikaje darasa la saba hajawahi kuzoea kuutumia muda wake?

Misaada mingi haihitaji bajeti. Mtoto mwenye ualbino mwondoe dirishani, kwa sababu mwanga mkali unamuumiza macho. Mruhusu aufuate ubao wakati wowote bila kuomba ruhusa, na paredini asisimame juani bila kofia. Andika kwa herufi kubwa na usome kwa sauti unachoandika. Ukimaliza kuandika ndipo ugeuke uwaeleze, kwa sababu asiyesikia vizuri anakutazama midomo. Vikundi vipange upya kila baada ya wiki chache, na msithubutu kuwa na kikundi ambacho darasa zima linajua ni cha wajinga. Watoto wanajua, hata ukikiita Simba.

Kuhusu nidhamu nitasema machache. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, viidhinishwe na mkuu wa shule, viandikwe kwenye kitabu. Wewe wa BTP huna idhini hiyo. Mimi naenda mbali zaidi ya kanuni: sijaona kiboko kilichomfanya mtoto asikie. Asiyetulia mpe madaftari agawe, mpe ubao afute, kisha chunguza anasumbua kipindi gani. Akitulia kwenye Hisabati na kuvuruga kila kipindi cha kusoma, ameshakueleza shida yake iko wapi.

Sasa tufanye kazi. Kila meza ina bahasha, ndani yake mna nakala za daftari la mtoto mmoja, muhula mzima, jina limeondolewa. Kalamu nyekundu ziwekeni kwenye mabegi. Mna dakika ishirini. Sitaki maksi, nataka mniambie mtoto huyu mngemkalisha wapi Jumatatu asubuhi, na ni ukurasa gani uliowaambia hivyo.