Amri na Kasi: PLC Inavyoongea na Draivu ya Mota

Ndugu mafundi, PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo kwa programu) huipelekea draivu (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) mambo mawili: amri ya kuzunguka na kiwango cha kasi. Ukiyachanganya, mota inaweza kuzunguka wakati haitakiwi.

Amri kwa kawaida hupita kwenye ingizo la dijitali la volti 24. Kasi hupita kwa analogi, volti 0 hadi 10 au miliampea 4 hadi 20. Mkiweza kuchagua, chagueni miliampea. Volteji hupungua kwenye waya mrefu, mkondo haupungui. Tena waya ukikatika, mkondo huanguka chini ya 4, na draivu iliyopangwa vizuri hutambua kuwa hiyo ni hitilafu. Kwenye volti, 0 ni kasi halali.

Sasa tazameni kosa hili. PLC inatuma 4 hadi 20, draivu imeachwa kwenye 0 hadi 20, upeo ni 50 Hz. Programu inaomba sifuri, zinatoka miliampea 4, draivu inasoma asilimia 20, na amri ikiwa imewashwa mota inazunguka kwa 10 Hz. Omba 25, utapata 30. Omba 50, utapata 50 kamili! Anayejaribu kasi ya juu tu hataliona kabisa. Pimeni chini, katikati na juu. Dawa ni kubadili parameta ya draivu. Msiifiche kwa hesabu za kufidia ndani ya programu, maana fundi atakayekuja baadaye atapotea.

Kwa Modbus RTU, yaani lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani, kebo moja ya RS-485 (aina ya laini ya data) hubeba yote mawili, amri na kasi. Kasi ya mawasiliano na pariti (biti ya kukagua makosa) zifanane pande zote, kila draivu iwe na anwani yake, na resista za ohmu 120 zikae kwenye ncha mbili za laini tu. Rejista (nafasi ya kumbukumbu yenye namba ndani ya draivu) isiposomeka, jaribuni kusogeza anwani kwa 1: vitabu vingine huanza kuhesabu kwenye 0, vingine kwenye 1. Angalieni pia kipimo: 50 Hz huandikwa 500 au 5000 kutegemea draivu.

Linalonitia hofu zaidi ni kebo kuchomoka. Bila muda wa kusubiri uliopangwa, draivu inaweza kuendelea na amri ya mwisho iliyopokea. Wekeni sekunde 1 au 2, hatua iwe kusimama, kisha ichomoeni kebo mota ikizunguka bila mzigo, mjionee.

Kitufe cha dharura kisitegemee Modbus. Nyaya zake ziende kwenye saketi ya usalama inayofikia vituo (sehemu za kufungia nyaya) vya STO, yaani kinga ya draivu ya kuzima nguvu ya mota. Na STO huondoa nguvu ya kuzungusha tu: mota huserereka hadi isimame yenyewe, na vituo vya draivu bado vina umeme wa kuua.