Nilimdanganya nesi kuhusu mahali mtoto analala

Hamjambo watu wangu. Mtanisamehe leo naongea chini chini, niko Umoja, Nairobi, kwa mamangu, ni saa tano usiku na mtoto ndiyo amelala sasa hivi. Ana miezi minne. Hapo nyuma mnaona godoro sakafuni. Nitafika huko.

Wengi mnaniuliza kama ni kweli Marekani mtoto mchanga analazwa chumba chake peke yake. Wapo wanaofanya hivyo, lakini madaktari wa watoto wa kule, kwenye mwongozo wao wa 2022, wanataka alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi sita ya kwanza. Chumba kimoja, kitanda tofauti. Alazwe chali, godoro gumu lililonyooka, bila mto wala blanketi.

Sasa kliniki ya kwanza kule Dallas, Marekani, ninakoishi, nesi akaniuliza: "Mtoto analala wapi?" Nikajibu haraka, kitandani kwake. Uongo mtupu! Hicho kitanda kilikuwa kimejaa nguo ambazo sijakunja. Niliogopa asije akaniandika mahali. Na Wakenya wenzangu pale kanisani, ukiwauliza vizuri, wamejibu vivyo hivyo.

Ule uongo nusura unitokee puani. Nikaanza kumnyonyeshea kwenye kochi usiku, ati nisije nikalala naye kitandani. Nilikuwa nimerudi kazini akiwa na wiki nane. Sheria yao ya likizo ya 1993 inakupa wiki 12 ukitimiza masharti, lakini bila malipo, na mwenye nyumba hajui kama umezaa. Usiku mmoja, saa tisa, nikashtuka. Mtoto ameteleza kati ya mkono wangu na mto wa kochi, uso umegusa kitambaa. Alikuwa anapumua. Nilikaa pale natetemeka hadi kukapambazuka.

Kliniki iliyofuata nikasema ukweli. Nesi hakunifokea. Akaniambia kochi ni hatari kuliko hata kitanda. Kama unajua utasinzia, nyonyeshea kitandani, mito na blanketi ukiwa umeviondoa, ukiamka umrudishe kwake. Na kama kuna aliyekunywa, anayevuta sigara, au mtoto alizaliwa njiti, msilale naye kabisa. Haya yote angeniambia siku ya kwanza kama singemfungia mlango.

Huku nyumbani nako hakuna anayeuliza. Ukiwa kwenye bedsitter, nyumba ya chumba kimoja, mtaa wa Pipeline, na kitanda ni kimoja, uulizwe nini? Mamangu alitulaza sisi watatu kitandani kwake, baba akahamia sebuleni. "Kwani wewe ulikufa?" ananiambia. Nami sina jibu la kumpa mamangu saa nne usiku.

Lakini macho ninayo. Baridi ya Julai mnaijua: blanketi zito, kofia ya sufu hadi machoni, mto wa kumzuia asianguke. Na ule upande wa ukutani tunaouona ndio salama, ndio unaonitisha zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kuteleza kwenye mwanya akabanwa. Halafu mara nyingi ndugu yake wa miaka mitano analazwa hapo hapo kando yake, na huyo analala kama anapigana.

Ndiyo maana ya godoro sakafuni, mbali na ukuta. Mtoto amevaa fulana na ovaroli ya kulalia, blanketi langu linaishia kiunoni, rasta nimezifunga juu. Sisemi ni salama kama kitanda chake. Si salama hivyo. Ila kitanda chake kiko Dallas, na mimi usiku nasinzia.

Mamangu, shosho wa mtoto, hajakubali. Jana nimeamka saa kumi nikakuta blanketi limerudi, limekunjwa mara mbili juu ya mtoto. Nikalitoa. Asubuhi akaniletea chai, kimya. Leo jioni amerudi kutoka soko la Mutindwa na soksi za mtoto, jozi nne.