Kabla Hamjaingia Bustanini
Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari, Unguja

Asalaam aleikum. Walimu wenzangu, wazee mliokuja, na nyinyi wanafunzi ambao naona mnanong'onezana: sitawaweka sana, kesho mna safari. Nimeambiwa mtaanza Bustani ya Victoria pale Vuga, kisha Mbweni, mmalizie kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani. Mimi nimekuja na swali moja tu, la kuuliza chini ya kila mti mtakaosimama: huu umefikaje hapa?

Maana karibu kila mtakachokiona ni mgeni. Chukueni urojo mtakaokunywa mkirudi. Embe ni la Bara Hindi na nchi za jirani yake. Mbatata, muhogo na pilipili vimevuka bahari ya Atlantiki kutoka Amerika. Manjano ni ya Asia. Warudisheni wote hao kwao, muone bakuli litabaki na nini!

Na karafuu, ambayo tunaapa ni yetu, asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Waholanzi waliilinda biashara yake kwa ukali. Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, akafanikiwa kuitorosha miche hadi Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa ndipo mkarafuu ukaja kwetu, mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil Al-Abry, na Kizimbani ni miongoni mwa mahali ulipopandwa mwanzo. Kwa hivyo kesho mtakanyaga pale pale.

Sasa fikirini. Miti iliyotoroshwa ilikuwa michache, na mikarafuu yetu ni wajukuu zake. Ukoo mdogo kiasi hicho, likiingia gonjwa, hakuna wa kumsaidia mwenziwe. Mwaka 1872 halikuja gonjwa, kilikuja kimbunga, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikapona, na ndiyo maana mpaka leo ukitaja karafuu watu wanageuza nyuso kaskazini.

Hapo ndipo bustani ya mimea inapopata kazi. Watu wengi wanadhani ni pahala pa kupiga picha za arusi. Bustani ya mimea ni daftari: mti huu umetoka wapi, nani kauleta, umeota vipi katika udongo wetu, mbegu zake ziko wapi ukifa. Mti usioandikwa unatoa kivuli tu. Pale Victoria, ambapo zamani palikuwa pa watu wa ndani wa Sultan Barghash, angalieni kama mtakuta vibao vya majina. Msipovikuta, ulizeni kwa adabu kwa nini.

Mbweni kuna John Kirk. Alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi, kisha akawa balozi wa Uingereza hapa, na alikuwepo mwaka 1873 soko la watumwa lilipofungwa. Nyumbani kwake Mbweni alifanya shamba la majaribio, akibadilishana mimea na bustani ya Kew kule London. Msidanganyike kuwa yalikuwa mapenzi ya maua matupu. Dola ilitaka kujua kipi kitaleta fedha. Lakini aliandika. Na kwa kuwa aliandika, kima punju wetu wa msitu wa Jozani amepewa jina lake katika vitabu vya sayansi, ingawa babu zetu walikuwa wakimfukuza mashambani kabla Kirk hajazaliwa. Jirani na hapo yapo magofu ya skuli ya wasichana waliokombolewa utumwani. Piteni kwa heshima.

Kizimbani mtachekeshwa. Kuna mpanda minazi, kuna kofia za makuti, kuna majani ya kuvunja na kunusa. Furahini. Ila mkiambiwa kwamba mti fulani unatibu sukari, presha na mapenzi yaliyovunjika, andikeni sukari na presha mweke alama ya kuuliza; la tatu achieni wenyewe.

Ombeni kuonyeshwa mkungumanga, muulize ni dume au jike. Hii si mizaha: dume hauzai, na miche ikiwa midogo hujui ni upi. Mkulima anasubiri miaka mingi, mti unachanua, ndipo anagundua amelea madume. Kisha vanila. Kwao ni Mexico. Walipoipeleka kisiwa cha Réunion ilichanua bila kuzaa, kwani wadudu wanaoichavusha walibaki nyuma. Mabingwa wakahangaika. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, akaonyesha namna ya kuliunganisha ua kwa kijiti na kidole gumba. Ua lenyewe hudumu siku moja tu, kwa hivyo mkulima huamka nalo. Kila vanila inayolimwa mbali na kwao inategemea ujuzi wa mtoto yule, na katika uhai wake hakupata utajiri wowote.

Nimesema karibu kila kitu ni mgeni. Yupo mwenyeji mmoja ambaye hamtamwona kesho. Anaitwa mpapindi, ni jamii ya minazi, na kwa asili anaota Pemba peke yake, katika msitu wa Ngezi. Ndugu zake karibu wote wako Madagascar, wachache Komoro. Amefikaje Pemba, akaachana nao, ni mjadala wa kukesha. Wapenzi wa miti ya mapambo wamempanda hadi Florida, wanamwagilia na kumpiga picha. Nyumbani, nikiuliza darasani nani amemwona, mikono haiinuki.

Nimemwomba mwalimu wenu safari ijayo iwe Ngezi. Amenijibu kuwa nauli ya boti kwa darasa zima haina mlipaji. Wazee mliokaa mbele, nadhani mmesikia. Sasa maswali, aanze yule binti wa nyuma, mkono wake uko juu tangu tulipokuwa kwenye urojo.